Maua Yako Nayo Yanasema Mwakani

Zuzu, nyuma ya stesheni,
Dodoma.
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Paulina,

Mbukwa! Habari za huko Uswidi? Natumaini wewe, shemeji na Emiliana wetu mko wazima, na kile kikohozi cha Emiliana kimekwisha. Uliniambia anakohoa tangu Pasaka. Mchemshie tangawizi umpe akiwa anakwenda kulala, na umvalishe soksi, hata kama huko mnasema sasa ni kiangazi. Kiangazi gani hicho cha kuvaa koti?

Sisi huku hatujambo. Goti langu la kulia ni lile lile, nikiinama linalia, nikiinuka linalia. Baridi ya mwezi wa sita imeingia pamoja na upepo wake, na vumbi linatufuata mpaka kwenye sahani. Mama ni mzima wa mwili, anakula vizuri, na mdomo wake nao ni mzima kabisa. Habari ya macho yake nitaifikia.

Najua utashangaa kupata barua, maana tangu nistaafu ualimu sijashika kalamu kwa jambo la maana. Nimeandika kwa sababu kwenye simu kila nikianza kulalamika wewe unasema "dada, subira yavuta heri," halafu mtandao unakatika, nami nabaki na maneno yangu yote mdomoni. Barua haikatiki. Kwa hiyo mimina chai yako, kaa chini, unisome mpaka mwisho. Ni habari ya hayo maua yako, na nimechoka nayo.

Nianzie mwanzo ili usije ukasema nimezidisha. Mwaka jana mwezi wa tisa ulimwambia Mama kwenye simu kwamba utamtumia mbegu za yale maua yanayosimama chini ya dirisha lako, ili naye ayaone hapa nyumbani kabla macho hayajafunga. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia simu sikioni. Alipiga vigelegele peke yake, Paulina, kikongwe yule, mpaka kuku wakakimbia. Akasema akiyaona hayo maua atakuwa amefika kwako.

Wewe ukakata simu ukaenda kazini kwako. Mimi nikabaki na hesabu ya daktari. Si nilikueleza alichosema yule daktari wa macho pale mjini? Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Nikikaa mbele yake anauona uso wangu, lakini mikono yangu haioni. Hiyo presha ya macho hairudishi ilichokwisha kula, na matone tunayomtilia ni ya kushikilia kilichobaki tu. Nilimuuliza, tunashikilia mpaka lini? Akasema labda mwaka, labda zaidi kidogo, yeye si Mungu. Basi kuanzia siku ile mimi, Zipora, nilikuwa na mwaka mmoja wa kuotesha ua.

Bahasha ilifika Oktoba. Mama aliishika ile pakiti akaisogeza kwenye jicho mpaka ikagusa pua, akaigeuza huku na huku, akasema rangi yake ni kama ya kanga yake ya harusi. Tangu asubuhi iliyofuata akaanza swali lake. Mimi bado nasukutua mdomo uani, yeye anauliza kutoka ndani: "Yametoa?" Mama, mbegu bado zimo kwenye pakiti! "Haya, lakini uyaangalie."

Sasa mwenzangu, pakiti yote Kiswidi. Hukuandika hata neno moja pembeni. Ulidhani nitaisomaje? Nilichofanya ndicho ambacho mtu yeyote wa huku angefanya. Nilingoja mvua ya Desemba, nikapalilia kile kibustani cha mbele, pale palipokuwa na mawaridi ya baba kabla mchwa hawajayamaliza, nikapanda kama tunavyopanda uwele. Jembe moja, shimo, mbegu kidogo, fukia kwa mguu, songa mbele. Mistari imenyooka mpaka majirani wakasifu.

Haikuota hata moja. Au niseme kiliota kitu, nikakifurahia, nikakizungushia vijiti, nikakimwagilia majuma matano, nikampeleka Mama akakishika kwa adabu kama mtu anayeamkia wakwe. Kilipokomaa kikatoa miiba. Ilikuwa mbigili, Paulina. Mimi mtoto wa mkulima nimelea mbigili kwa maji ya ndoo.

Nikaenda kwa Mwalimu Elieza, yule niliyefundisha naye darasa la tatu, ana simu inayosoma lugha za watu. Akaipiga picha pakiti, tukaisoma kwa Kiswahili cha ajabu ajabu lakini tukaelewa. Kumbe mbegu zina ganda gumu, zataka kukwaruzwa kidogo, kisha kulowekwa usiku mmoja. Kumbe zinalazwa kwenye baridi majuma matatu. Kumbe zikipandwa zinafunikwa na udongo mwembamba tu, na mimi nilikuwa nimezizika kama maiti. Chini kabisa pameandikwa ni mmea wa kudumu. Nikasema, haya, angalau huo udumu wake utanipumzisha.

Bahati nzuri nilikuwa nimebakiza nusu ya pakiti. Nikakwaruza kwa msasa, mbegu moja moja, zile mbegu ndogo bapa kama vifungo vya shati la mtoto mchanga, miwani puani, goti linalia. Nikaloweka. Baridi ya Uswidi nikaitafuta kwa jirani yetu Anastazia, yule anayeuza barafu za ubuyu, akanipa kona ya friji yake. Nilizifunga kwenye nailoni nikaandika jina langu. Juma la pili nimekwenda kuziangalia nakuta nailoni imefunguliwa, mbegu zimo kwenye kikombe karibu na bakuli la ubuyu. Anastazia anasema alidhani ni za kwake za mchicha. Nusura watoto wa Zuzu wazinyonye! Nilicheka pale mbele yake kwa sababu friji ni ya watu, lakini moyoni sikuwa nacheka.

Mwisho wa Januari nilizipanda kwenye chupa za maji nilizozikata vichwa. Katikati ya Februari zikaota kumi na tisa, majani mawili mawili. Hapo nilifurahi kweli, siwezi kusema uongo. Nilikupigia simu, ukanipongeza. Lakini wahenga wamesema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Machi nikazihamishia bustanini, na mizizi yake ilikuwa imeshuka mirefu kama mkia wa panya, nyingine ikakatika mkononi. Nane zikafa juma lile lile. Tatu kuku wakazifukua. Mbili mbuzi wa jirani alizila akiwa ananitazama usoni. Zikabaki sita.

Nikakata matawi ya miiba mwenyewe, nikazungushia boma zima kama ninafuga ndama. Maji ya bomba hapa yanakuja Jumanne na Ijumaa, tena yakipenda. Hivyo nikamwagilia kwa maji ya kuoshea mboga na maji ya kusuuzia vyombo, kikombe kimoja kimoja kila shina. Mvua zilipokatika mwezi wa nne nikaongeza kwenda mara mbili kwa siku. Na kila asubuhi, "Yametoa?" Bado, Mama. "Yametoa?" Bado kidogo.

Halafu ikaja ile simu yako ya Aprili. Unaikumbuka? Nilikuuliza mbona majani yamejaa lakini sioni hata kitumba. Ukacheka. Ukasema, "Aa dada, mwaka wa kwanza hayatoi maua hayo. Yanaweka mizizi kwanza. Mwakani ndiyo utayaona." Ulisema hivyo huku unatafuna kitu.

Nilikaa juu ya ndoo, Paulina. Nikasema mtandao mbaya. Mwakani! Wewe ulijua tangu mwanzo. Unayo chini ya dirisha lako, umeyaona yakikua, na daktari alichosema nilikueleza mwenyewe neno kwa neno. Hukupiga hesabu hata kidogo? Nilikasirika nikakosa pa kuiweka hasira hiyo, maana kwa Mama singeweza kuipeleka. Sikumwambia. Miezi miwili nimemjibu "bado kidogo" huku najua si kidogo. Hilo ni kosa langu na nalikubali.

Sasa sikiliza lililotokea Jumamosi iliyopita. Nilikuwa kanisani kwenye umoja wa akina mama, tulikuwa na usafi. Narudi saa nane nina njaa, nakuta Mama amepika. Unajua siku hizi simruhusu kukaribia moto, lakini siku hiyo alikuwa na furaha zake, ameketi jikoni, ugali wa uwele umefunikwa, na bakuli la mlenda wa karanga. Nikanawa. Nikamega tonge, nikachovya, nikavuta, ukavutika vizuri. Mtamu jamani, sijala mlenda kama ule tangu mvua. Nikala nusu sahani kabla akili haijarudi.

Nikamuuliza, "Mama, mlenda mbichi mwezi huu wa sita umeutoa wapi?"

Akasema, "Si huo uliouzungushia miiba pale mbele? Nikawa najiuliza, huyu Zipora amekuwa mchoyo tangu lini, anaficha mboga na mama yake nipo."

Nikalirudisha tonge sahanini. Nikamwambia, Mama, umechuma yale? Akasema macho yake ndiyo yamepofuka, mikono haijapofuka. Jani ameliponda kwa vidole, limetoa ute, mlenda ni mlenda. Aliwezaje kupita kwenye ile miiba mpaka leo sijui.

Nilitoka mbio mpaka bustanini. Mashina sita yamesimama matupu. Nikarudi, na hapa ndipo penye jambo ambalo sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Nilimpigia Mama kelele. Mimi, mtoto wake, na miaka hii niliyo nayo. Nikamwambia ameharibu kazi ya miezi minane, na kama haoni si akae tu. Nilisema hivyo, "si ukae tu." Akaweka mwiko chini taratibu, akaupapasa ukuta mpaka mlangoni, akaenda kukaa kwenye kigoda chake nje na kunipa mgongo.

Jumapili hakuuliza kama yametoa. Jumatatu asubuhi pia hakuuliza. Nilisukutua mdomo pale uani, nyumba kimya, na nakuambia afadhali angeniuliza mara mia. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake, na goti langu bovu hivyo hivyo, nikamwamkia, nikamwomba radhi. Kisha nikamwambia kila kitu. Kwamba yale majani ndiyo maua ya Paulina. Kwamba hata yasingechumwa yasingetoa mwaka huu, na mimi nimelijua hilo tangu Aprili nikamficha.

Akanigeuzia uso. Halafu akauliza, "Paulina ana mlenda chini ya dirisha?"

Nikasema, ndiyo, Mama, inaelekea.

"Miaka kumi na tisa namwombea mtoto apate chakula cha kwao huko ugenini, kumbe kipo dirishani anakitazama tu!" Akacheka, Paulina, akacheka mpaka mgolole ukamdondoka begani. Ameagiza nikuambie uchume vichwa tu, usingoje majani yakomae maana yatakuwa na nyuzi, na karanga zisagwe laini. Nimekufikishia. Mwalimu Elieza ameuliza kwenye simu yake, imesema ni jamii moja na bamia na kwamba majani yake yanaliwa, kwa hiyo hatufi.

Alipomaliza kucheka akajifuta lile jicho lenye kuona, akauliza tena, maua yenyewe ni lini? Nikasema mwakani. Akasema, "Mwakani. Neno hilo nalijua, ni la Paulina. Kumbe maua yake nayo yanasema mwakani."

Sikuongeza kitu pale. Lakini kwako naongeza. Umekuja mara ya mwisho mwaka 2014, Emiliana alikuwa mgongoni. Baba alipokufa ulisema likizo haipatikani, utakuja mwakani kuliona kaburi. Mwakani ikaja, ukasema Emiliana anaanza shule. Mwakani nyingine ikaja, ukasema mnahama nyumba. Sikulaumu kwa kila moja, najua kazi ya kulea wazee wa watu si ya kuachwa hovyo. Ila mwaka jana, badala ya kusema unakuja, ulituma mbegu. Na mimi nikazipokea, nikazikwaruza, nikazilaza kwenye friji ya watu, nikazizungushia miiba, kana kwamba zikiota nitakuwa nimekuleta wewe. Hapo ndipo nilipokuwa mjinga, na hasira yangu yote ya miezi hii ilikuwa ni hiyo. Nilikuwa naigombeza mimea.

Maua yako usiyahofie. Mama aliyachuma kama anavyochuma mlenda siku zote, vichwa tu bila kung'oa shina, na tangu Alhamisi yanachipua pembeni, matawi mawili mawili kila shina. Yatadumu kama pakiti ilivyosema. Mwakani yakitoa nitakupigia picha. Sasa hivi Mama anauona uso wa mtu akikaa mbele yake. Wa kwako ungeenea vizuri kwenye lile tundu, hata ukija na koti lako la kiangazi. Mwakani sijui, na daktari hajui. Kwa hiyo usitume mbegu nyingine, usitume sweta, usitume kitu. Njoo wewe.

Mdogo wetu Noeli yupo Haneti na familia yake, wamevuna uwele kidogo na mtama wa kutosha, wanakusalimu sana. Mwalimu Elieza na Anastazia wanakusalimu, na Anastazia anasema nikuombe msamaha wa mbegu. Msalimie shemeji, mwambie hapa kwake kitanda kipo. Mbusu Emiliana wangu, umwambie tangu alipokuwa mgongoni bibi yake anamjua kwa sauti tu, na hiyo si haki. Mungu awalinde na hiyo theluji yenu, awape riziki, na afungue njia ya kuja huku kama anavyofungua mvua.

Nina neno moja la kufungia. Mama amerudia kuniuliza maswali asubuhi, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tangu Jumanne haulizi tena kama yametoa. Nikiwa nasukutua mdomo, naisikia sauti yake kutoka ndani: "Paulina amesema lini?" Mimi nimekujibia maswali ya Mama miezi minane, mdogo wangu. Hilo lijibu mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia,

Zipora